Bahasha ya Mtani

Nyote mliopiga simu hapa gazetini tangu wiki iliyopita mkiuliza kama bahasha ilikuwa na hela, poleni sana. Haikuwa na hela.

Ingekuwa na hela mambo yangekuwa mepesi. Imaculata angeirudisha, mama yake angeisimulia habari hiyo jumuiya nzima, na mimi ningepumzika.

Kwa aliyechelewa, twende haraka. Imaculata ni binti wa mtaa wa Lizaboni, hapa Songea, ana miaka thelathini na moja na shahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Ameshakaa mbele ya majopo kumi na moja ya usaili na hajapata hata kazi ya kufungua geti. Kesho saa mbili asubuhi ana usaili wa kumi na mbili: Ofisa Kumbukumbu, Mamlaka ya Maghala. Nafasi ni moja, walioitwa ni watano.

Asubuhi alikwenda mtaa wa Majengo kutoa kopi za vyeti. Foleni ilikuwa ndefu. Mara jibaba moja la makamo, suti ya kijivu, likawapita wote likasimama mbele, simu sikioni: "Kamwene! Kamwene!"

Imaculata ni Mngoni. Mngoni akisikia salamu hiyo ya kamwene anajua kaletewa Mhehe, na Mhehe ni mtani wake. Atamsema anavyotaka, atamnyang'anya anachotaka, na Mhehe hana pa kushtaki.

"Nyie Wahehe," alisema kwa sauti, "tangu babu zetu wawatimue vitani mpaka leo hamjajua kupanga foleni?" Akachomoa bahasha ya kaki kwapani mwa yule baba. "Ukiitaka njoo uikomboe Lizaboni. Uliza kwa Mama Kunegunda."

Foleni nzima ilicheka. Yule baba hakucheka, na hapo ndipo Imaculata alipotakiwa kushtuka.

Hakushtuka. Alirudi nyumbani, na jioni akaifungua bahasha kutafuta jina la mtani wake ili amtanie vizuri zaidi, na ndipo tulipomwacha, mdomo wazi, karatasi mkononi. Juu ya karatasi paliandikwa: MASWALI YA USAILI WA MAHOJIANO, OFISA KUMBUKUMBU. SIRI. Chini, saini ya Brayson, Mwenyekiti wa Jopo.

Sasa tuendelee.

"Mama yangu we!" Imaculata alisema.

Sebuleni walikuwa wanne, na wote walikuwa pale kwa ajili ya usaili wake. Mjomba Hironimus, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa amevaa koti lake la kazini la zamani, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti wa jopo la nyumbani. Tangu saa nane mchana alikuwa akimsaili mpwa wake kwa maswali ambayo yeye mwenyewe aliulizwa mwaka themanini na moja. Alishamtaka ataje mito yote inayoingia Ziwa Nyasa.

Goodluck, jirani, alikuwa mjumbe wa jopo. Huyu ni mwalimu wa usaili. Ana kundi la WhatsApp, Usaili Bila Hofu, lenye wanachama mia nne na kumi na mbili, na anawafundisha wote namna ya kupata kazi. Yeye hajawahi kuipata. Kesho naye ni mmoja wa wale watano.

Na Mama Kunegunda, mama mzazi wa Imaculata na mwenye nyumba, alikuwa amemaliza kunyunyizia vyeti vya binti yake maji ya baraka, akihakikisha tone halidondoki juu ya kitambaa chake cha meza.

Hicho kitambaa nacho mkijue. Mama Kunegunda alikishona kwa mkono miezi saba, njiwa wanne kwenye pembe nne. Njiwa mmoja hesabu ya uzi ilimpotea, akatoka na miguu mitatu. Wageni wote huonyeshwa njiwa huyo kabla ya kupewa chai.

"Lete hapa," alisema Mjomba Hironimus, akavaa miwani. Alisoma kimya. Alipofika chini aliivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni maswali ya kesho," alisema. "Yote kumi."

"Mungu mkubwa!" Goodluck aliruka. "Ima, umeuona mkono wa Mungu?"

"Mkono ulikuwa wangu," Imaculata alisema. "Mimi nimemnyang'anya mwenyekiti wa jopo bahasha mbele za watu. Nimemwambia babu zake walitimuliwa."

"Irudishwe," Mama Kunegunda alisema. "Sasa hivi. Kwenye nyumba hii hatuingizi kitu cha watu."

"Dada, tulia," alisema Mjomba Hironimus. "Hakijaibiwa. Kimechukuliwa kwa utani. Sheria ya utani inajulikana, mtani akikichukua kitu, mwenyewe anakifuata na jogoo. Yeye ndiye hajaja. Sasa wakati tunamsubiri, macho yetu tuyaweke wapi?"

Nyie mnaosoma, msijifanye watakatifu. Mngesoma.

Goodluck alikuwa ameshailaza karatasi mezani, akainyoosha vizuri juu ya kitambaa, simu ikalia kacha.

"Unapiga picha ya nini?" Imaculata aliuliza.

"Kumbukumbu tu," alisema Goodluck, vidole vikicheza juu ya simu. "Wewe si msomi wa kumbukumbu?"

Mjomba Hironimus alikohoa kimahakama. "Hapa juu kuna onyo. Msailiwa atakayebainika kuyapata au kuyasambaza maswali haya atafungiwa usaili wowote wa serikali kwa maisha yake yote." Akalipita onyo lile kama mtu anayepita tangazo la mganga. "Haya. Swali la nne. Waraka wa siri umekufikia kwa makosa. Utafanya nini?"

Imaculata alisimama. Alilijua jibu. Alilisoma mwaka wa pili chuoni, akapata alama ya juu darasani. Lakini mjomba alipomkazia macho juu ya miwani, magoti yakaanza. Ndiyo yalikuwa yakimmaliza siku zote: jibu lipo, magoti yanatetemeka, jibu linarudi chini.

"Nita... nitaupeleka..."

"Wapi?"

"Nitauliza..."

"Umeshindwa," alisema mjomba. "Jibu ni kwamba utaufunga kwa lakiri, utaupigia muhuri, utaukabidhi kwa bwana mkubwa ukiwa umesimama wima."

"Mzee, hiyo ni ya enzi zenu," alisema Goodluck. "Siku hizi swali lolote unajibu kwa maneno matatu: uzalendo, weledi, uadilifu. Ukiulizwa waraka, weledi. Ukiulizwa mshahara, uzalendo. Ukiulizwa udhaifu wako, unasema mimi udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi."

"Na wewe umefanya usaili mara ngapi?" aliuliza Mama Kunegunda.

"Kumi na nne, mama."

"Ukashindwa yote?"

"Nilipata uzoefu."

Mama Kunegunda aliichukua bahasha airudishe karatasi ndani, akaikung'uta kwanza, kama anavyokung'uta kila kitu. Ikadondoka karatasi ya pili.

Imaculata aliiokota. Ilikuwa na jedwali: jina la msailiwa, alama, maoni ya jopo. Tarehe juu ilikuwa ya kesho. Majina yalikuwa matano, na alama zote zilikuwa zimeshajazwa kwa kalamu ya bluu.

Alilitafuta jina lake. Lilikuwa la mwisho. Arobaini na moja. Maoni: Alikosa kujiamini. Alitetemeka. Swali la nne alishindwa kabisa.

"Nilitetemeka lini?" aliuliza.

Mjomba Hironimus alisogea, akaitazama tarehe.

"Kesho," alisema.

Hakuna aliyecheka. Miaka sita Imaculata alikuwa akijilaumu kwa magoti yake. Mara ngapi usiku alilala akirudia majibu, akijiambia kosa ni lake, angekaza miguu kidogo tu angepita. Kumbe kuna watu walikuwa wanamtetemesha kwa kalamu kabla hajafika. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Nani kapita?" aliuliza mama yake.

Imaculata alisoma mstari wa kwanza. Akasoma tena. Akamgeukia mjumbe wa jopo.

"Goodluck, tisini na tatu," alisema. "Anajiamini. Anajieleza vizuri. Anafaa kuajiriwa."

"Mimi?" Goodluck aliikwapua karatasi. "Haki ya Mungu sikujua! Mama yangu mkubwa aliniambia kwenye msiba mmoja kwamba atanisemea kwa mtu, nikajua ni maneno ya kunifariji. Ima, naapa!"

Alikuwa mkweli, nawahakikishia. Lakini mtazameni sasa. Alisoma tena mstari wake, polepole. Mgongo ukanyooka. Akafunga kifungo cha shati cha juu. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshaajiriwa.

"Kwa kweli," alisema, "hizi ni nyaraka nyeti za ofisi. Si utaratibu mzuri kuzishikashika hivi. Nashauri zirudishwe kimyakimya, halafu wewe Ima uendelee kujiandaa. Nafasi zitatangazwa tena, usikate tamaa."

"Dakika tano zilizopita ulisema ni mkono wa Mungu!"

"Nilikuwa sijapata taarifa kamili."

Imaculata alikuwa anatafuta kitu cha kumrushia, na kilichokuwa karibu ni chupa ya maji ya baraka, ndipo mlango ulipogongwa.

"Hodi hapa kwa Mama Kunegunda?"

Ilikuwa suti ya kijivu.

"Karibu, baba, karibu ndani," alisema Mama Kunegunda, ambaye hata akija shetani atamkaribisha kwanza, aulize baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti hapo. Chai?"

Bwana Brayson hakuketi. Aliitazama bahasha, akaitazama karatasi ya pili mikononi mwa Goodluck. Goodluck aliiweka mezani upesi, akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa.

Mjomba Hironimus alifungua mikono. "Aah, mtani wetu! Jogoo umemwacha nje?"

"Jogoo gani?"

"Wa kukomboa bahasha. Nyie Wahehe mnapenda kusahau mkishindwa."

"Mimi si Mhehe," alisema Bwana Brayson.

Mikono ya Mjomba Hironimus ilibaki hewani.

"Baba yangu alihamishiwa Iringa kikazi, nikazaliwa hapo, basi. Kamwene namwambia dereva wangu wa zamani, yeye ndiye wa huko. Kabila langu halina utani na mtu yeyote mkoa huu mzima." Alimgeukia Imaculata. "Kwa hiyo asubuhi hukunitania, binti. Umeniibia."

Mnasikia? Bahasha ile ile, mkono ule ule. Ukiwa wa mtani ni kicheko, ukiwa wa asiye mtani ni kituo cha polisi. Mama Kunegunda alishika rozari. Magoti ya Imaculata yakaanza.

"Lakini sipendi kesi," aliendelea Bwana Brayson, sauti ikashuka, ikawa tamu. "Naona mmeisoma na ya pili. Hiyo ni rasimu. Rasimu huandikwa upya. Tisini na tatu ni namba tu, inaweza kukaa mstari wowote." Alitoa kalamu mfukoni, ya bluu, akaiweka mbele ya Imaculata. "Nipe bahasha yangu, kisha chagua mwenyewe ikae wapi. Kesho njoo umevaa vizuri tu."

"Bosi!" Goodluck alilia.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye tisini na tatu!"

Bwana Brayson alimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi bila kumwona, akarudi kwa Imaculata.

Tusidanganyane, wasomaji wangu. Aliitaka hiyo tisini na tatu. Aliuona mshahara, akamwona mama yake akiezeka bati jipya, akajiona mwenyewe akitoka asubuhi na kitambulisho shingoni, akipita mbele ya wale wote waliokuwa wakimwuliza kwa huruma, "Bado tu?" Mjomba Hironimus alikuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili. Mama yake alikuwa akiangalia sakafu.

Imaculata aliichukua kalamu.

Akavuta na daftari lake la mazoezi, lile alilojaza uzalendo, weledi na uadilifu, akafungua ukurasa mweupe.

"Mzee, ungekuwa mtani wangu," alisema, "ningekurudishia sasa hivi bure, tukacheka, mama akakupa chai. Umesema si mtani. Sawa. Basi huu ni waraka wa siri ulionifikia kwa makosa."

"Una maana gani?"

"Swali lako la nne." Alikuwa anaandika. "Waraka wa siri ukikufikia kwa makosa, unaandika tarehe. Unaandika saa. Unaandika umetoka mikononi mwa nani. Unaorodhesha kurasa. Ukurasa wa kwanza, maswali kumi. Ukurasa wa pili, alama za usaili ambao haujafanyika. Anayeufuata anasaini kwamba ni wake, mashahidi wanasaini, ndipo anakabidhiwa." Akaligeuza daftari. "Saini hapa, mzee. Nakukabidhi bahasha yako na kesho saa mbili nakuja kwenye usaili."

Imaculata aliyatazama magoti yake. Yalikuwa yametulia, na hakujua yametulia saa ngapi.

"Jopo hili," alisema Mjomba Hironimus, "linakupa mia."

Bwana Brayson hakusaini. Angesainije? Akisaini, amekiri ukurasa wa pili ni wake. Asiposaini, unabaki Lizaboni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alirudi nyuma hatua moja kuelekea mlangoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Imaculata alimwona mwenyekiti wa jopo akishindwa swali.

Hapo simu ya Bwana Brayson ikaita mlio mfupi.

Ikaita na ya Goodluck. Ikaita tena. Ikaita kama karanga zinazokaangwa.

Goodluck aliitazama simu yake, rangi ikamtoka.

"Ima," alinong'ona. "Ile picha. Ya maswali. Niliituma kundini."

"Umeituma lini?"

"Pale pale. Kabla ya tisini na tatu. Nilitaka waone mwalimu wao anavyojua kutafuta."

"Ifute!"

"Nimeifuta. Lakini wameshaisambaza. Imefika mpaka Mbinga."

Bwana Brayson alikuwa anaisoma simu yake; picha ile ile ilikuwa imemfikia naye. Aliipanua picha kwa vidole viwili, taratibu, akaisogeza kutoka kwenye maswali, akasogeza tena, mpaka kona ya chini, kilipoonekana kipande cha kitambaa chini ya karatasi. Akatabasamu. Ndiyo mara yake ya kwanza kutabasamu tangu hadithi hii ianze, na ningependa iwe ya mwisho.

Alirudi mezani. Sasa aliketi. Alikiinua kikombe cha Mjomba Hironimus, akakiweka kando kwa adabu, akapapasa kitambaa mpaka kwenye pembe, penye njiwa wa miguu mitatu.

"Mama," alisema kwa upole, "kitambaa kizuri sana hiki. Umekinunua wapi?"

Imaculata, akilikumbuka lile onyo la kufungiwa maisha, alimkanyaga mama yake mguu chini ya meza. Akamkanyaga tena, kwa nguvu.

Lakini Mama Kunegunda alikuwa amesubiri miaka mingi mtu mwenye suti amwulize swali hilo. Uso wote ulimng'aa.

"Kununua? Sijanunua, baba!" alisema. "Nimekishona kwa mkono wangu mwenyewe. Mtazame huyo njiwa, mhesabu na miguu. Zunguka Songea nzima, nyumba kwa nyumba, hutaona kingine kama hiki."